Honda NSX ya zamani au Alfa Romeo 4C? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa NSX ni ya kizazi cha kwanza, iliyouzwa kuanzia 1990 hadi 2005, si ile ya haibridi iliyokuja muongo mmoja baadaye. 4C ni kupe ya Kiitalia iliyoanza kutengenezwa 2013 katika kiwanda cha Maserati mjini Modena. 

Kuna sababu gani ya kulinganisha magari yenye zaidi ya miaka 20 kati yao?

Kwa sababu mnunuzi ni yuleyule. Anataka viti viwili, injini nyuma ya mgongo wake, magurudumu ya nyuma yanayosukuma, na hataki kuingia kwenye gharama za Ferrari. Wahandisi wa magari haya walikuwa na adui mmoja, uzito, ila walimvamia kwa njia tofauti. Honda walitengeneza bodi nzima inayojibeba yenyewe (monokoki) kwa alumini, jambo ambalo hakuna kiwanda kilichokuwa kimelifanya kwa gari la kuuzwa kwa wingi. Alfa Romeo waliweka katikati ya gari beseni la nyuzi za kaboni lenye kilo 65, wakalifungia fremu za alumini mbele na nyuma. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata: bei ya ajali, aina ya fundi unayemhitaji, hata namna ya kupiga jeki.

Nipeni namba kwanza.

NSX ya 1990 yenye gia za mkono: V6 ya cc 2,977, farasi 280 kwa vipimo vya Japani, torki Nm 294, uzito kilo 1,350 hivi. Kuanzia 1997 za gia za mkono zilipewa injini ya cc 3,179 na gia 6 badala ya 5. Japani ziliendelea kuandikwa farasi 280 kwa sababu watengenezaji wa huko walikuwa wamekubaliana wasitangaze zaidi ya hapo.

4C: silinda 4, cc 1,742, turbo, farasi 240, torki Nm 350 kuanzia mizunguko 2,200 tu. Kiwanda kinasema kilo 895, lakini hiyo ni gari kavu, bila mafuta wala maji. Ukiiweka kwenye mizani ikiwa tayari kwa safari, ya Ulaya inakaribia tani moja, na ya Marekani inapita kilo 1,100 kwa sababu ya viimarisho na vifaa vya usalama vilivyoongezwa. Usilinganishe uzito mkavu wa 4C na uzito wa NSX yenye tanki lililojaa; kosa hili limejaa kwenye matangazo ya mauzo.

Ipi inakimbia zaidi?

Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, 4C. Alfa wanatoa sekunde 4.5, na NSX za mwanzo zinacheza kati ya 5 na 6 kutegemea dereva na klachi. Kwenye mwendo wa juu NSX inaipita: 4C inaishia 258, NSX inafika 270 hivi. Barabarani tofauti ya kweli iko kwenye namna nguvu inavyokuja. 4C inakusukuma mgongoni mapema, halafu ikikaribia mizunguko 6,000 inaanza kuchoka. NSX chini ni mpole mno, dereva asiyeijua anaweza kudhani ni mbovu. Kisha ikifika karibu mizunguko 5,800 kemu za VTEC (mfumo wa Honda wa kubadili namna valvu zinavyofunguka) zinabadilika, sauti inageuka, na inavuta bila kukata pumzi hadi 8,000.

Injini ipi ni imara zaidi?

Ya NSX, bila ubishi mwingi. Haina turbo, na konrodi zake ni za titani. Ukiibadilishia oili (lita 5 hivi pamoja na filta) na ukawa na nidhamu ya maji ya rejeta, injini yenyewe haikupi kazi. Kinachoiua ni joto: hozi inapasuka, dereva anaendelea kilomita mbili tatu huku mshale umepanda, gasketi ya silinda hedi inaondoka.

Ya 4C si dhaifu. Inatokana na ile ya Giulietta yenye nguvu, gari jingine la Alfa Romeo, ila bloku imekuwa ya alumini badala ya chuma, ikapungua kilo 22. Lakini ina turbo, sindano za moja kwa moja ndani ya silinda, na joto jingi ndani ya nafasi finyu. Injini ya sindano za moja kwa moja hukusanya masizi kwenye valvu za kuingiza hewa, maana petroli haipiti pale kuzisafisha. Ukisikia inatetemeka ikiwa baridi na plagi ni nzima, hapo ndipo pa kuangalia.

Mkanda wa taimingi vipi?

Injini zote mbili zinatumia mkanda wa mpira, si cheni. Kwenye NSX ukikatika, pistoni zinagonga valvu, na unakuwa umenunua injini upya. Honda Marekani waliandika maili 90,000 au miaka 6 kwa magari ya mwanzo, kimojawapo kitakachotangulia. Kwa gari la umri huu miaka ndiyo inayotangulia karibu siku zote. NSX yenye kilomita 40,000 na mkanda wa miaka 15 ni gari linalosubiri msiba, hata kama muuzaji anajivunia hizo kilomita chache.

Kazi hufanywa bila kushusha injini, kupitia upande wa gurudumu la nyuma, na ni kazi ya siku zaidi ya moja. Ukishafungua, badilisha kwa pamoja mkanda, tenshona, pampu ya maji, sili za kemu na ya kranki, thermostati, gasketi za vifuniko vya valvu, na hozi zote unazozifikia. Kuruka pampu ili kuokoa fedha ni kulipia ufundi uleule mara mbili.

Kwa 4C fuata kitabu cha gari la nchi lilikouzwa, na hesabu miaka pamoja na kilomita, kwa kuwa nyingi zinatoka wikiendi tu.

NSX huharibikia wapi hasa?

Mara nyingi si kwenye chuma, ni kwenye mpira na kwenye vifaa vidogo vya umeme vilivyotengenezwa zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Anza na maji. Rejeta iko mbele, injini iko nyuma, na maji yanasafiri urefu wote wa gari kwenda na kurudi. Kuna hozi nyingi kuliko unavyodhani. Tanki la akiba ni la plastiki, na hupasuka kwenye ungio. Ukiona alama za chumvi kavu kwenye mstari wa kati wa tanki, linavuja likiwa moto hata kama sasa hivi ni kavu. Ukibadilisha maji usimimine tu na kufunga. Weka hita kwenye joto la mwisho, fungua skrubu za kutolea hewa moja baada ya nyingine (kwenye rejeta, kwenye mabomba ya hita, kwenye injini), funga kila moja pale maji yanapotoka bila mapovu, kisha washa hadi feni izunguke, zima, subiri ipoe, ongeza. Hewa iliyobaki ndani inadanganya kipimo cha joto.

Pili ni rilei kuu ya mafuta. Dalili yake inafahamika: gari linawaka asubuhi, halafu baada ya kuegeshwa juani dakika 20 linagoma. Fungua swichi bila kupiga stata, usikilize. Pampu ya mafuta inatakiwa ivume kwa sekunde mbili hivi kisha inyamaze. Kimya tangu mwanzo? Risasi ya kuungia nyaya ndani ya rilei imepasuka nyufa ndogo zinazoachana kwa joto. Fundi wa redio mwenye mkono mtulivu anaichomelea upya kwa muda mfupi.

Tatu, kapasita, vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye bodi za saketi. Kisanduku cha kudhibiti kiyoyozi kwenye dashibodi kina kapasita zinazovujisha maji, na maji hayo yanakula njia za shaba kwenye bodi ya saketi. Mwanzo feni inapuuza amri, baadaye maandishi yanafifia. Ukiziwahi, ni kazi ya bei ndogo. Ukichelewa, unatafuta kisanduku kizima. Ampli za spika za Bose zina ugonjwa huohuo: ukisikia mlio kama mahindi yanayopasuka kwenye kikaango, ni zenyewe.

Mengine ni ya kuhesabu kwa vidole. Vioo vya milango hupanda kwa kusuasua kwa sababu vibanio vya plastiki vimelika. ABS ya magari ya mwanzo hukwama valvu zake ikikaa bila kutumika, na wengi huitoa na kufunga mfumo wa NSX za baadaye. Injini za mwanzo zinaweza kuwa na mlio wa tiki-tiki juu ya hedi, unaotoka kwenye vispringi vya VTEC. Unaudhi kuliko unavyodhuru.

Nimesikia gia za NSX za mwanzo hupasuka. Ni kweli?

Ni kweli kwa baadhi, na unaweza kujua bila kufungua chochote. Kundi la gia za mkono za 1991 na 1992 lilichongwa vibaya kwenye nafasi ya pete ya chuma inayobana beringi ya shafti. Pete inavunjika, shafti inapata uhuru wa kutembea, na mwisho inapasua kasha lenyewe. Soma namba iliyogongwa kwenye kasha la gia: zilizoathirika ni kati ya J4A4-1003542 na J4A4-1005978. Ikiwa iko ndani ya hapo, omba risiti ya kazi ya kurekebisha kasha. Hakuna risiti? Punguza bei kwa gharama ya kufungua gia nzima, maana siku moja utaifungua. Kuna zilizokimbia maisha yao yote bila kuvunjika, lakini usiweke bajeti yako juu ya bahati.

Na 4C je?

Malalamiko makubwa kuhusu 4C si ya kitu kuvunjika, ni ya usukani kutangatanga. Kwenye lami yenye mifereji iliyochimbwa na malori, gari linafuata mfereji, si mikono yako. Hakuna pawa stelingi ya kumeza mtikisiko, tairi ni pana kwa uzito ule, na vipimo vya magurudumu vilivyotoka kiwandani havikusaidia. Dawa ya kwanza ni bei nafuu: ipeleke kwenye mashine ya alaimenti inayotoa vipimo vya magurudumu yote manne kwa karatasi, hakikisha toe (jinsi magurudumu yanavyoelekea ndani au nje) ya kushoto na kulia inalingana mbele na nyuma, hasa nyuma. Dawa ya pili ni kuongeza kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani) mbele kwa vipande maalumu vinavyofungwa kwenye mikono ya saspensheni. Ya tatu ni kubadili tairi. Waliofanya zote tatu husema ni kama wamebadilishiwa gari, na tunakubaliana nao.

Gia ni suala jingine. 4C haikuwahi kuuzwa na gia za mkono. Ina TCT, yenye klachi mbili kavu na gia 6. Klachi kavu haipendi foleni ya kutambaa: kila unapoiachia isogee nusu mita na kukanyaga breki, inasuguana na kupata joto bila mafuta ya kuipoza. Acha nafasi mbele, kisha sogea mara moja kwa mwendo unaoeleweka. Ukiona inashtuka kati ya gia ya 1 na ya 2, au taa ya gia inawaka na kuzima, soma kwanza makosa kwa kompyuta na pima betri. Volti ikishuka 4C hutoa makosa ya uongo kila mahali, na watu wamelipia vifaa vizima kwa sababu ya betri iliyochoka.

Redio ni mbaya. Haina ufafanuzi zaidi.

Usukani wa ipi ni bora?

Hapa ndipo watu wanapogombana. NSX za mwanzo za gia za mkono hazikuwa na pawa; za otomatiki zilikuwa na pawa ya umeme tangu mwanzo, na kuanzia 1995 karibu zote zikapewa. Ile isiyo na pawa ni nzito kwenye maegesho, lakini ikishatembea inaongea kwa upole. 4C inapiga kelele. Kila jiwe linafika viganjani. Kwa saa moja milimani hakuna kinachoishinda; kwa saa sita za barabara kuu utashuka mabega yanauma.

Ni kweli Ayrton Senna alilitengeneza NSX?

Hapana. Senna, dereva wa Formula 1, aliendesha gari la majaribio kwenye uwanja wa mbio wa Suzuka, Japani, mwaka 1989, akasema bodi inahitaji kuwa ngumu zaidi, na Honda wakaiongeza ugumu kwa asilimia 50 hivi. Kiongozi wa wahandisi alikuwa Shigeru Uehara. Muuzaji akipandisha bei kwa jina la Senna, rudisha mazungumzo kwenye risiti ya mkanda wa taimingi.

Nikigonga, ipi itaniumiza mfukoni?

Zote, kwa namna mbili. Alumini ya NSX inanyooshwa na kuchomelewa, ila na fundi mwenye vifaa vya alumini peke yake. Msasa uliogusa chuma ukigusa alumini unaacha chembe zinazozaa kutu ya umeme chini ya rangi. Inajitokeza baada ya miezi kama malengelenge. Bolti za asili zilipakwa maalumu kuzuia hilo, kwa hiyo bolti yoyote ya kawaida ya dukani chini ya gari ni dalili ya ukarabati wa njia ya mkato.

Vipande vya nje vya 4C ni vya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi. Havibonyei, vinapasuka. Bampa na mbawa unabadilisha, na fremu ya alumini ya mbele au ya nyuma iliyopinda inafunguliwa na kufungwa mpya. Hofu ni beseni la kaboni. Likipata ufa kwenye sehemu za kushikilia fremu, kampuni ya bima kwa kawaida inalihesabu gari limekufa. Unapokagua, washa taa ya mkononi kwa pembe, pita kando ya kizingiti cha mlango na kila mahali bolti inapoingia kwenye kaboni. Mistari myeupe, vumbi jeusi au gundi iliyopakwa juu ya gundi: ondoka.

Na jeki: usiweke kichwa cha chuma kwenye kaboni wala kwenye alumini. Tumia sehemu zilizoonyeshwa kwenye kitabu, na mpira mzito katikati.

Tairi zinapatikana?

NSX za 1991 hadi 1993 zina rimu za inchi 15 mbele na 16 nyuma: 205/50 na 225/50. Tairi bora za saizi hizo zimekuwa adimu, na wengi wamehamia 215/45R16 na 245/40R17 za magari ya 1994. Usichanganye saizi ya mbele mpya na ya nyuma ya zamani. Mfumo wa kuzuia mteleko unalinganisha mizunguko ya magurudumu na utachanganyikiwa. Tairi za nyuma huisha haraka, makali ya ndani yakitangulia.

4C ina 205/45R17 na 235/40R18, au rimu kubwa zaidi za 18 na 19. Kwa barabara zenye mashimo chukua ndogo. 4C haina tairi ya akiba, ina chupa ya gundi na pampu. NSX ina tairi ndogo ya kukunja mbele, inayojazwa upepo kwanza. Ya asili ina umri wa gari, usiiamini kwa mwendo.

Naweza kuongeza nguvu?

4C inapokea programu mpya kwa dakika chache na farasi wanaongezeka kirahisi. Tatizo ni kwamba gia yake iliundwa kubeba Nm 350, na injini tayari inatoa Nm 350. Anayekuuzia programu ya Nm 420 anakuuzia klachi pia, ila hajakuambia. NSX haina ukarimu huo: ekzosi na uingizaji hewa vinabadilisha sauti zaidi ya nguvu. Afadhali fedha hizo ziende kwenye bushi na shokapu mpya, kwa sababu bushi za asili zimekuwa ngumu kama ubao.

Ipi inafaa kwa kila siku?

NSX. Unaona pande zote, kiyoyozi kinapoza kama kapasita ni nzima, na buti la nyuma linameza begi la gofu. Buti la 4C ni lita 110, liko jirani na injini, na chokoleti haifiki nyumbani. Kizingiti chake ni kipana; mwenye mgongo mbovu ajaribu kuingia na kutoka mara tano kabla ya kujadili bei.

Naweza kuingiza mojawapo Afrika Mashariki?

Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto, kwa hiyo NSX haipiti kwa njia ya kawaida, na 4C nyingi zimeshapita umri huo. Uganda imeweka ukomo wa miaka 15. Tanzania hupokea ya zamani lakini hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato ya Tanzania) kabla ya kulipa amana Japani. 4C za Marekani zote zina usukani wa kushoto. Kwa walioko Oman na Ghuba, hali ni kinyume: 4C ya usukani wa kushoto ndiyo rahisi, na NSX nyingi za Japani zina usukani wa kulia.

Nikienda kukagua, nianzie wapi?

Fika gari likiwa baridi. Gusa kifuniko cha injini kabla ya kusalimiana sana. Kwa NSX, fuata mpangilio huu: namba ya gia, tanki la maji, risiti ya mkanda yenye tarehe, pampu inavyovuma ukifungua swichi. Kisha pandisha vioo vyote viwili kwa pamoja, zungusha feni kila hatua, endesha dakika 30, zima, subiri dakika 20, washa tena. Ikiwaka mara moja ikiwa moto, umeondoa nusu ya wasiwasi.

Kwa 4C, pima betri kwanza, soma makosa, angalia kaboni chini kwa taa, linganisha ulikaji wa tairi ndani na nje. Barabarani achia usukani kidogo kwenye lami iliyonyooka, kisha kwenye yenye mifereji. Mwisho, tafuta mlima na urudi nyuma taratibu: klachi iliyochoka hutetemeka hapo kabla ya kutetemeka mahali pengine popote.

Nikilinunua kisha nikaliacha miezi mitatu?

Liunganishe na chaja ya kutunza betri, tanki lijae, tairi ziongezwe upepo kidogo. Usiliwashe dakika tano tano kila wiki "lizunguke". Oili haipati joto la kutosha na unyevu unabaki ndani ya ekzosi. Liendeshe nusu saa au liache kabisa.